Penye Njia Pana Nia: Sayansi ya Kurudisha Hamu ya Vijisanamu vya Vita

Hivi inawezekanaje mtu akapenda kitu kwa miaka kumi, akakitolea fedha, akakesha nacho, halafu siku moja akakitazama pale mezani na asisikie chochote? Hajagombana nacho. Hajapata kingine cha kuchukua nafasi yake. Kitu kipo, muda upo, ila hamu ndiyo imeondoka bila kuaga.

Unaweza kuliuliza swali hili kuhusu gitaa, cherehani, au kamera iliyolala kabatini. Leo tutalijibu kupitia michezo ya vita ya mezani, ile ya vijisanamu vya askari. Wachezaji wake wanaujua ugonjwa huu kiasi cha kuupa majina. Na kuna sababu nyingine: mchezo huu unabeba kazi mbili ndani yake, kupaka rangi na kucheza, na sayansi ya hamu ina majaribio kadhaa yanayozigusa zote mbili. Hata kama hujawahi kushika kijisanamu maishani mwako, soma tu. Utajikuta humo.

Kwanza, mchezo wenyewe

Fikiria drafti isiyo na miraba. Badala ya ubao kuna meza nzima, yenye vilima vya sponji na magofu ya plastiki. Kete ni askari wadogo wa plastiki, resini au madini, wengi wao wakiwa na kimo cha milimita 28 hadi 32. Unapima mwendo wao kwa futikamba, na dadu ndizo zinazoamua nani kapigwa na nani kapona.

Mizizi yake ni ya kijeshi kweli. Mwaka 1812, Georg Leopold von Reisswitz alimwonyesha mfalme wa Prussia mchezo wa vita aliouunda, na mwaka 1824 mwanawe akauboresha, ukawa wa kufundishia maofisa. Mwaka 1913, mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha kitabu *Little Wars*, chenye kanuni za kucheza na askari wa madini na mizinga ya kuchezea, sakafuni nyumbani. Leo jina kubwa ni Games Workshop, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1975 na ambayo sasa makao yake yako Nottingham. Mchezo wao wa Warhammer ulitoka mwaka 1983, na Warhammer 40,000, wenye vita vya anga za mbali, ukafuata mwaka 1987.

Sasa kuna jambo moja linaloutenga mchezo huu na drafti au chesi: kete haziji tayari. Askari huuzwa vipande vipande, vikiwa vimeshikana kwenye fremu ya plastiki. Unakata, unakwangua, unaunga kwa gundi, unapuliza rangi ya msingi. Kisha unapaka nguo, ngozi na silaha. Unamwagia rangi nyepesi iingie kwenye mikunjo ilete kivuli, halafu unapitisha rangi angavu kwenye kingo. Askari mmoja anaweza kukula nusu saa au jioni tatu, inategemea mkono wako na viwango ulivyojiwekea.

Tupige hesabu. Tuseme jeshi lako lina askari 60, na kila mmoja anahitaji saa mbili. Hizo ni saa 120 za kukaa kitako na brashi. Kununua sanduku lao, kwa upande mwingine, ni kazi ya dakika tano. Ukichanganya dakika tano na saa 120, unapata kitu ambacho karibu kila mchezaji anacho nyumbani: rundo la askari wa kijivu wasiopakwa rangi. Wachezaji wanaozungumza Kiingereza wanaliita, kwa tafsiri, rundo la aibu. Jina hilo limebeba nusu ya tatizo lote, kama tutakavyoona.

Kutaka na kufurahia ni vitu viwili

Mtu aliyepoteza hamu huwa na maelezo yake tayari: "Nimekuwa mvivu," au "Kumbe sikuwa naupenda kweli." Yote mawili yanajengwa juu ya dhana moja, kwamba ukikipenda kitu lazima utakitaka, na usipokitaka basi hukipendi. Dhana hiyo inaonekana ya kawaida kabisa. Ila haiko sawa, na waliotuonyesha hilo ni panya.

Miaka ya 1980, wanasayansi wengi waliamini kwamba dopamini, kemikali inayopitisha ujumbe kwenye ubongo, ndiyo kemikali ya raha. Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, pamoja na wenzake, waliwachunguza panya ambao dopamini yao ilikuwa imeharibiwa karibu yote. Panya hao waliacha kula. Chakula kiko mbele yao, hawakigusi. Bila kulishwa wangekufa njaa. Kwa hiyo raha yao imekufa, sivyo? Watafiti wakawadondoshea maji ya sukari mdomoni. Panya wakalamba midomo yao vilevile kama panya wazima wanavyofanya wakionja kitu kitamu.

Yaani utamu ulikuwepo. Kilichotoweka ni ule msukumo wa kunyanyuka kuufuata. Tangu hapo Berridge na wenzake wametenganisha mambo mawili yanayotumia njia tofauti kwenye ubongo: kutaka, na kufurahia.

Wewe si panya, na kuchoka kupaka rangi si sawa na kuharibiwa dopamini. Lakini somo linabaki: kukosa hamu ya kuanza hakuthibitishi kwamba raha imekwisha. Ukitaka kujua kama bado unaupenda mchezo, usijiulize "Je, najisikia kupaka leo?" Hilo linapima kutaka peke yake. Kaa, paka dakika 15, halafu jiulize: "Sasa hivi, brashi ikiwa mkononi, ninajisikiaje?" Majibu ya maswali haya mawili mara nyingi hayafanani kabisa.

Kwa nini sanduku jipya linatamanika kuliko la zamani

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Mtu anasema hana hamu, lakini akiona vijisanamu vipya vimetoka, macho yanamtoka, na mkono unaingia mfukoni. Hamu hiyo imetoka wapi?

Jibu limo kwenye majaribio ya Wolfram Schultz, aliyefanya kazi na tumbili akiwa Uswisi. Alipima chembe za ubongo zinazotoa dopamini wakati tumbili wakipewa tone la juisi. Mwanzoni, juisi ikidondoka bila kutarajiwa, chembe zililipuka kwa shughuli. Kisha akatanguliza ishara kabla ya juisi. Baada ya tumbili kuizoea, chembe zilianza kulipuka kwenye ishara, na juisi yenyewe ilipofika zikatulia kana kwamba hakuna jipya. Na ishara ikitokea halafu juisi isije, shughuli ya chembe ilishuka chini ya kawaida.

Kwa hiyo mfumo huu haupimi utamu. Unapima tofauti kati ya ulichotarajia na ulichopata. Sanduku jipya ni ishara tupu ya mambo mazuri: unawaona askari wakiwa wamekamilika, wamejipanga mezani, na wewe umeshinda. Askari wa 41 mwenye koti lilelile la bluu ulilompaka wa 40 hana cha kukushangaza. Unajua kila hatua kabla hujaifanya.

Ndiyo maana kununua zaidi hakutibu. Kunaleta hamu ya siku mbili na kuongeza kimo cha rundo. Askari wapya nao watakuwa wa zamani, na safari hii rundo ni kubwa zaidi.

Mchezo unapogeuka ajira

Mwaka 1973, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha jaribio lililofanywa kwenye shule ya awali ya Chuo Kikuu cha Stanford. Walichagua watoto ambao tayari walipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi la kwanza liliahidiwa: mkichora, mtapata cheti chenye utepe. Kundi la pili lilichora bila ahadi, likapewa cheti kwa kushtukiza. Kundi la tatu lilichora tu.

Wiki moja au mbili baadaye, kalamu ziliwekwa darasani, kila mtoto afanye atakalo. Watoto wa kundi la kwanza, wale wa mkataba, walichora kwa karibu nusu ya muda wa wenzao. Cheti cha kushtukiza hakikudhuru kitu. Kilichoua hamu ni makubaliano: chora ili upate. Mtoto aliyekuwa anachora kwa sababu ni raha akawa anachora kwa sababu kuna malipo, na malipo yalipoondoka, sababu ikaondoka nayo.

Miaka miwili kabla ya hapo, Edward Deci alikuwa ameona jambo hilohilo kwa wanafunzi wa chuo waliokuwa wakitatua fumbo la kuunganisha vipande. Waliolipwa dola moja kwa kila fumbo walipunguza kucheza nalo muda wa mapumziko baada ya malipo kusitishwa. Wanasaikolojia wamebishana sana juu ya ukubwa wa athari hii. Mwaka 1999 Deci na wenzake walikusanya majaribio 128, wakaona kwamba zawadi ya kushikika iliyoahidiwa mapema hupunguza msukumo wa ndani, ila sifa ya kweli ya mdomo huelekea kuuongeza.

Rudi sasa kwenye meza yako. Katika kanuni za karibuni za Warhammer 40,000, jeshi lililopakwa rangi humpa mchezaji pointi 10 kati ya 100. Mashindano yana tarehe, kwa hiyo unakesha kupaka ili uruhusiwe kuingia. Unapiga picha ya kazi yako na kuhesabu waliopenda. Rafiki anakuomba umpakie jeshi lake kwa malipo. Hakuna baya hata moja hapo. Lakini jumlisha miaka mitano ya hayo, halafu ondoa mashindano na picha. Je, imebaki sababu gani ya kushika brashi? Kama jibu ni kimya, hamu yako haikufa ghafla. Iliajiriwa, halafu ajira ikaisha.

Miguu mitatu ya kigoda

Deci na mwenzake Richard Ryan, wa Chuo Kikuu cha Rochester, waliendelea na swali hili wakajenga nadharia inayosema msukumo wa ndani husimama juu ya mahitaji matatu. Yafikirie kama miguu mitatu ya kigoda. Ukivunjika mmoja, kigoda kinayumba hata kama mingine ni mizima.

Mguu wa kwanza ni uhuru: kuhisi kwamba jambo hili umelichagua wewe. Hapa ndipo jina la "rundo la aibu" linapofanya uharibifu wake. Kitu ulichonunua kwa furaha sasa kinakudai. Kila ukipita karibu na kabati unasikia deni, na hakuna mtu anayekimbilia deni kwa shangwe.

Mguu wa pili ni umahiri: kuhisi kwamba unaweza, na kwamba unaongezeka. Zamani ulijilinganisha na rafiki yako wa mtaani. Leo simu inakuletea kazi za watu wanaopaka vijisanamu kama taaluma, wengine wakishindania tuzo ya Golden Demon ambayo Games Workshop imekuwa ikiitoa tangu miaka ya 1980. Hujawa mbaya kuliko ulivyokuwa. Kilichopanda ni kipimo, na kimepanda haraka kuliko mkono wako.

Mguu wa tatu ni uhusiano: kuhisi kwamba uko na watu. Mchezo huu unahitaji wawili. Rafiki akihama mji, akipata mtoto, au ratiba za kazi zikigongana, kucheza kunakoma, kupaka kunabaki peke yake. Kupaka bila kucheza ni kama kupika bila mlaji. Utapika siku mbili, siku ya tatu utakula mkate.

Kabla ya kutafuta dawa, jiulize ni mguu upi uliovunjika kwako. Watu wengi hukimbilia kununua brashi mpya, yaani kutengeneza mguu wa umahiri, wakati uliokatika ni wa uhusiano. Brashi haitakuletea mchezaji wa upande wa pili.

Kulipunguza rundo bila kulipaka

Tuje kwenye vitendo. Hatua ya kwanza ni ya ajabu kidogo: lifiche rundo.

Mwaka 2000, Sheena Iyengar na Mark Lepper, yule yule wa kalamu za rangi, walichapisha jaribio la dukani. Meza yenye aina 24 za jemu ilivuta watu wengi zaidi kuja kutazama, ila walionunua walikuwa asilimia 3. Meza yenye aina 6 iliuza kwa asilimia 30. Tuwe waangalifu hapa: baadaye watafiti walipokusanya majaribio mengi ya namna hii waliona athari haitokei kila mahali. Hujitokeza zaidi pale ambapo vitu ni vigumu kulinganisha na mchaguzi hajui anachokitaka. Lakini hiyo ndiyo picha kamili ya mtu aliyesimama mbele ya masanduku 12 saa tatu usiku, hajui aanze na lipi, na mwisho anarudi kulala.

Basi toa askari watano. Watano tu. Wengine wafunge kwenye boksi, uliweke juu ya kabati au chini ya kitanda, mahali ambapo hutaliona. Hujalitupa. Umelinyima tu nafasi ya kukudai kila jioni.

Hatua ya pili: waanzishe wote watano kwa mkupuo. Joseph Nunes na Xavier Drèze, mwaka 2006, walieleza jaribio la kwenye kituo cha kuosha magari huko Marekani. Wateja 150 walipewa kadi yenye nafasi 8 za mihuri. Ikijaa, unaoshewa gari bure. Wengine 150 walipewa kadi ya nafasi 10, ila mihuri miwili ilishagongwa. Ukitazama vizuri, wote walihitaji kuosha mara nane. Waliomaliza kadi katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 19, na katika kundi la pili asilimia 34. Kuona kwamba umeshaanza kunakusukuma kumaliza.

Kwa hiyo siku moja, wakati una nguvu kidogo, unga gundi na kupuliza rangi ya msingi askari wote watano, halafu acha. Ukirudi siku nyingine hutakuta vipande vya plastiki vinavyosubiri kuanza. Utakuta kadi ambayo tayari ina mihuri miwili.

Hatua ya tatu: usiweke nia, weka mpango wa "ikiwa, basi". Peter Gollwitzer amechunguza jambo hili kwa miaka mingi, na mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walijumlisha tafiti 94. Waligundua kwamba watu wanaotaja mapema lini, wapi na vipi watatenda hufanikiwa zaidi kuliko wenye lengo tupu. "Wiki hii nitapaka" ni lengo tupu. Mpango unasikika hivi: "Ikiwa Jumanne nimemaliza kuosha vyombo, basi nitakaa mezani na kupaka buti za askari watano." Buti tu. Ukitaka kuendelea na mikanda, ni hiari yako, na hapo utakuwa umeurudisha mguu wa uhuru.

Na punguza safari ya kufika kwenye brashi. Weka rangi nne, brashi mbili, kikombe cha maji na askari watano kwenye sinia moja. Ukikaa, vuta sinia. Kama kila jioni lazima ufungue masanduku manne kabla ya kuanza, utakuwa umechoka kabla brashi haijalowa.

Hatua ya nne: shusha kiwango, kwa makusudi. Mezani askari anatazamwa akiwa mbali na jicho kama urefu wa mkono au zaidi. Kwa umbali huo, rangi tatu safi na kivuli kimoja vinatosha kabisa. Tangu mwaka 2019 Games Workshop yenyewe inauza rangi za Contrast: unapaka mara moja juu ya msingi mweupe, rangi inajikusanya kwenye mikunjo na kupungua kwenye kingo, kivuli na mwanga vinatoka pamoja. Wapo wanaoona hiyo ni njia ya mkato. Ndiyo, ni njia ya mkato, na wewe kwa sasa unahitaji kufika. Na ukimpata hata askari mmoja aliyekamilika, mguu wa umahiri umepata ushahidi.

Hatua ya tano: cheza kabla hujamaliza. Wengi hujiwekea sheria kwamba hawatacheza mpaka jeshi lote lipakwe. Sheria hiyo inahirisha raha mpaka baada ya saa 120 za kazi. Igeuze. Kuna michezo ya vikosi vidogo: Frostgrave, uliotoka mwaka 2015, unahitaji watu wasiozidi 10 kwa kila mchezaji, na haujali vijisanamu vyako ni vya kampuni gani. Mwalike mtu mmoja kwa saa mbili. Akija na askari wa kijivu, sawa. Ukikosa mtu wa kucheza, tafuta wa kupaka naye, hata kwa simu ya video, kila mmoja na meza yake. Na yule askari wako mmoja aliyepakwa akiokoka kwa bahati ya dadu dhidi ya maadui watatu, utaona unavyotaka kumpa wenzake rangi. Sasa anacho kisa.

Usiisubiri hamu

Labda umeona kwamba hakuna hatua hata moja hapo juu inayosema "kwanza pata hamu". Hii ndiyo hoja yetu kuu. Tumelelewa na methali isemayo penye nia pana njia, na ni kweli mara nyingi. Lakini inaweza pia kusomwa kwa kugeuzwa: tengeneza njia fupi na nyepesi, ipite hata bila nia, na nia itakufuata.

Haya si maneno ya kutiana moyo tu. Kuna tiba ya sonona iliyojengwa juu ya msingi huo, inayoitwa uamshaji wa matendo. Mgonjwa hasubiri ajisikie vizuri ndipo afanye alivyovipenda. Anavipanga kwenye ratiba vikiwa vidogo, anavifanya, na hali ya moyo inafuata nyuma. Mwaka 2016 jarida la *The Lancet* lilichapisha utafiti wa Uingereza wenye wagonjwa 440. Tiba hii, ikitolewa na wahudumu wenye mafunzo mafupi, haikuzidiwa na tiba ya kubadili fikra na tabia iliyotolewa na wataalamu waliosomea zaidi, na gharama yake ilikuwa ndogo.

Tumefika kwenye sonona, na hapa tusimame kidogo, maana ni jambo zito kuliko plastiki.

Kupoteza hamu ya kitu kimoja ni kawaida. Kupoteza hamu ya karibu kila kitu ni habari nyingine. Kama vijisanamu havikuvutii lakini bado unafurahia chakula, mpira, soga na marafiki, basi shida iko kwenye vijisanamu. Lakini kama kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, hakuna kinachokupendeza, usingizi umeharibika, chakula hakipiti au unakula bila kipimo, umechoka bila kazi na unajiona hufai, tafadhali usijitibu kwa sinia na brashi. Hizo ni dalili ambazo daktari anazijua na zina matibabu. Nenda kituo cha afya, au kwa mshauri wa wanafunzi kama uko chuoni. Na kama mawazo ya kujidhuru yanakujia, mwambie mtu leo hii, usingoje kesho. Wanafunzi wengi wa shahada za juu hujiambia "nimechoka tu na tasnifu" kwa miezi. Wakati mwingine ni kweli. Wakati mwingine ile gitaa iliyonyamaza au wale askari wa kijivu ndio waliotoa taarifa ya kwanza.

Na kama jibu ni hapana?

Tuseme umefanya yote. Umekaa na askari watano, umepaka kwa kiwango cha chini, umecheza na rafiki, mara tatu au nne. Moyo bado hauko hapo. Je, umeshindwa?

Hapana. Umepima, na kipimo kimeleta jibu. Kinachowazuia wengi kulikubali ni fedha walizotumia. Mwaka 1985 Hal Arkes na Catherine Blumer walionyesha nguvu ya mtego huu: watu waliolipa bei kamili ya tiketi za msimu wa maigizo walihudhuria zaidi, katika nusu ya kwanza ya msimu, kuliko waliopata punguzo, ingawa maigizo yalikuwa yaleyale. Fedha iliyokwisha kutoka ikawa inaamuru miguu. Lakini haitarudi kwa wewe kukaa mezani ukinuna. Uza, au mpe kijana anayeanza, ambaye kwake hilo si rundo la aibu hata kidogo. Kwake ni sanduku jipya.

Baki na wachache unaowapenda. Watu wengi huurudia mchezo huu baada ya miaka, na kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Kwa walioamua kujaribu: boksi juu ya kabati, askari watano kwenye sinia, Jumanne baada ya vyombo. Anza na buti.